Fundi wa mita wa Ng'ambo, Tabora: anapima kwanza, anauza baadaye

Kwa yeyote mwenye pikipiki ya zamani hapa Tabora inayokata moto njiani au inayomaliza betri, nasema bila kuzunguka: ipeleke Ng'ambo, kwa fundi umeme mwenye kibanda cha mabati chini ya mwembe. Hana bango. Ulizia "fundi wa mita", bodaboda yeyote wa upande ule atakuonyesha. Jina hilo wamempa mafundi wenzake kwa sababu hagusi bisibisi kabla ya kushika mita ya kupimia umeme, na kwa tabia hiyo ameniokolea chombo ambacho wengine walishanishauri nikiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Chombo chenyewe ni Honda XL125S ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mimi ni bwana nyuki mstaafu. Nilipokuwa kazini niliendesha pikipiki za namna hii, na serikali ilipozipiga mnada nikanunua moja. Mizinga yangu iko msituni upande wa Sikonge, na kwenye zile njia za mchanga katikati ya miyombo sijaona chombo kingine kinachonifaa zaidi. Injini ya stroku nne, cc 124, nyepesi kuinyanyua ikilala, mafuta inanusa tu. Watu wa rika langu wanazikumbuka: mabwana shamba, wauguzi wa chanjo, mapadre, wote walipita juu ya Honda na Yamaha za kizazi kile.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kiki moja tu inawaka. Unatoka mjini vizuri, unakwenda, halafu injini ikishapata moto wa safari inazima ghafla. Haikohoi wala haipungui nguvu, inakatika tu kama umegeuza ufunguo. Unapiga kiki mpaka goti linauma, kimya. Unaisukuma hadi kivulini, unakaa, unanywa maji, inapoa, unapiga kiki, inawaka na unaendelea na safari mpaka itakapokuzimia tena mbele. Wakati huohuo indiketa zilikuwa zinawaka kinyonge bila kupepesa, honi inakoroma, na taa ya breki mchana huioni kabisa.

Mambo hayo mawili kuja pamoja ndiyo yaliyowapoteza mafundi. Wa kwanza, ambaye simtaji, alitazama indiketa akasema betri imekufa, kwa hiyo plagi inakosa moto. Akaniuzia betri. Pikipiki ikazima palepale inapozimia siku zote. Wa pili akasema hapana, hiyo ni CDI, kile kiboksi kinachoamua plagi irushe cheche saa ngapi. Akachukua CDI ya pikipiki za Kichina, akakata soketi ya Honda yangu, akasokota waya kwa mkono na kuzifunga kwa utepe mweusi. Ikazima tena. Akaanza kuniambia habari ya koili ya juu, ile inayopeleka moto kwenye plagi, na isipokuwa koili basi magneti nzima, yaani mtambo wa sumaku unaozalisha umeme kwenye injini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kitu. Huko ni kupiga ramli, na wewe ndiye unayelipia kila kibao kinapogeuzwa.

Sasa njoo Ng'ambo. Nilimkuta fundi amekaa kwenye kigoda, mbele yake mbao yenye waya, koili na taa zilizopasuka, na ile mita ndogo ya njano ambayo kila duka la umeme linauza. Kijana kabisa, ningeweza kumzaa. Akasimama, akanipa shikamoo, akanivutia kiti, halafu hakuiangalia pikipiki. Akaanza maswali.

"Mzee, ikizima inakohoa kwanza au inakatika?"

"Inakatika."

"Ikishazima, ukifungua kifuniko cha tanki, inavuta pumzi?"

"Haivuti."

"Na ikipoa inawaka kwa kiki ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Basi kabureta tuiache, baba."

Maswali hayo yana maana yake. Injini inayokosa mafuta hupungua nguvu taratibu, inakohoa, inavuta tena kidogo, ndipo inakufa. Tundu la hewa la kifuniko cha tanki likiziba, mafuta hushindwa kushuka, na ukifungua kifuniko utasikia hewa ikiingia kwa nguvu. Injini inayokatika mara moja, kisha ikawaka vizuri ikishapoa, karibu kila mara ni umeme. Kwa maswali yale tu tayari alikuwa amenipunguzia nusu ya gharama, maana kwingine wangeanza kwa kuifungua kabureta.

Kitu cha pili alichofanya ndicho kilichonifanya nikae sawasawa kwenye kiti. Alitoa betri. Akafungua nyaya zote mbili, akaiweka chini kwenye kivuli, kisha akaniambia, "Piga kiki, mzee." Nikapiga. Ikawaka.

Akanieleza, na hapa nitaeleza kwa urefu kwa sababu wenye pikipiki hizi wengi wanachanganyikiwa hapohapo. Ndani ya magneti ya Honda hii kuna koili zaidi ya moja zilizofungwa kwenye sahani, na sumaku inazizunguka. Koili moja, yenye waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi, kazi yake ni kuilisha CDI. Inatoa umeme wa volti mia na zaidi moja kwa moja, bila kupitia betri. CDI inaupokea na kuuhifadhi kwenye kapasita iliyo ndani yake. Halafu kuna kikoili kingine kidogo, mafundi wanakiita pulsa. Kila sumaku inapokipita, kinaipa CDI ishara kwamba saa imefika. CDI inaumwaga ule umeme wote kwa mkupuo kwenye koili ya juu, ambayo inaukuza kufikia maelfu mengi ya volti, na plagi inaruka cheche. Koili nyingine palepale kwenye sahani ni za taa na za kuchaji betri. Kwa hiyo moto wa plagi na umeme wa betri ni watoto wa baba mmoja lakini mama mbalimbali. Mmoja akiugua, huwezi kumpa dawa mwenzake.

Aliniwekea tahadhari mbili nami naziweka hapa. Zipo pikipiki, hasa za miaka ya karibuni, ambazo CDI yake hulishwa na betri. Hizo ukitoa betri haziwaki, na jaribio hili halikuambii kitu. Tena CDI za aina hizo mbili zinaweza kufanana umbo na hata soketi, lakini hazibadilishani kazi. CDI ya betri ukiichomeka mahali pa kupokea mamia ya volti kutoka kwenye magneti unaweza kuiua siku hiyohiyo. Tahadhari ya pili ni kwamba hata kama pikipiki yako inawaka bila betri, usizoee kuiendesha hivyo. Betri inasaidia kutuliza umeme wa upande wake. Isipokuwepo, ukipandisha mwendo volti zinapanda na balbu zinaungua moja baada ya nyingine.

Akaingia kwenye swichi. Kwenye Honda, waya mweusi wenye mstari mweupe unatoka CDI kwenda kwenye swichi ya kuzimia na kwenye ufunguo. Unapozima, waya huo unagusishwa na bodi, yaani chuma cha pikipiki yenyewe, umeme wa CDI unapotelea huko, injini inakufa. Swichi iliyojaa vumbi na mafuta, au waya uliochubuka chini ya tanki, hufanya kazi hiyohiyo bila wewe kuomba. Aliuchomoa ule waya kwenye CDI, akauacha ukining'inia, akaniambia sasa ufunguo hautazima injini, nikitaka kuzima niingize gia na kuachia klachi breki ikiwa imekamatwa. Kama ingeacha kuzima njiani, kosa lingekuwa kwenye swichi na tungemaliza kwa kusafisha tu.

Plagi ilikuwa D8EA ya NGK, ndiyo saizi yake, uzi wa milimita 12. Akapima mwanya, ukawa ndani ya milimita 0.6 na 0.7 unaotakiwa. Akafungua kofia ya plagi kwa kuizungusha, akaipima, akakata kipande kidogo cha mwisho wa waya mkubwa ambacho shaba yake ilishakuwa ya kijani, akairudisha kofia. Koili ya juu akaipima pande zote mbili. Hapo hakukaa sana, akasema ziko sawa.

Kisha akachomoa soketi inayotoka kwenye magneti, akaweka ncha moja ya mita kwenye waya mweusi wenye mstari mwekundu na nyingine kwenye waya wa kijani, yaani bodi. Namba ikaja, ikatulia. Akaiandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi. Akapima pulsa, akaandika. Zote nzuri. Nikajua sasa atasema hajui, kama ilivyo kwa wengi. Badala yake akaingiza mita mfukoni, akavaa kofia, akasema, "Twende ikatuzimie, mzee. Ikiwa ya baridi haitatuambia kitu."

Tukashika njia ya Kwihara, ile ya kwenda kwenye tembe la Livingstone, yeye anaendesha mimi nyuma. Jua lilikuwa kali kama kawaida ya Tabora kabla ya mvua za Novemba. Hatukwenda mbali, ikakatika. Na hapa nilimpenda. Hakupiga kiki hata moja. Alishuka mbio, akanyanyua kiti, akachomoa soketi na kuchomeka ncha za mita kwenye nyaya zilezile mbili. Mita ile ikishindwa kusoma huonyesha namba 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, na ndiyo tuliyoiona: 1. Hakuna njia. Waya umekatika ndani. Akahamia kwenye pulsa, ikasoma vizuri. Akarudi kwenye ile ya kwanza, 1. Akanipa mita nishike mwenyewe, tukakaa pembeni ya barabara tukiangalia kile kioo. Injini ikaendelea kupoa, ile 1 ikaanza kucheza, ikapotea, ikarudi, kisha ghafla namba ikaja, kubwa kidogo kuliko ile ya kwenye boksi, na ikaanza kushuka polepole. Tukarudisha soketi, kiki moja, ikawaka.

Basi siri yote ilikuwa hiyo. Waya wa shaba ndani ya ile koili ulikuwa umepata ufa mahali fulani, na joto likiupanua, ncha zinaachana. Ukipoa zinagusana tena. Ndiyo maana ukiipima asubuhi gereji inakuambia ni nzima. Fundi akaongeza jambo ambalo nadhani mafundi wengi wadogo wangefaidika nalo: namba kupanda kidogo injini ikiwa ya moto siyo ugonjwa. Shaba ikipata joto, upinzani wake kwa umeme, ambao ndio namba tunayoisoma kwenye mita, huongezeka kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, kwa hiyo joto likipanda digrii 50 utaona ongezeko la karibu moja ya tano. Hilo ni la kawaida. Namba kupotea kabisa ndiyo kesi.

CDI ya zamani, ile orijino niliyoambiwa imekufa, aliirudisha mahali pake, akarudisha na soketi yake kwa kuunganisha kila waya kwa risasi na kuuvisha kimpira. Pikipiki ikawaka nayo. Ile ya Kichina akasema nisiitupe, inapokea umeme wa magneti vilevile, niibebe safarini.

Kazi ya kusuka koili upya ilihitaji subira. Kwanza kutoa gurudumu la magneti. Ana pula, kifaa cha kuvutia magneti, yenye uzi wa Honda, ameihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa chenye mafuta. Nimeshaona kwingine magneti ikitolewa kwa nyundo na patasi, na ndivyo sumaku zinavyopasuka na ekseli ya krenki kuharibika uzi. Huyu alifunga pula, akakaza, akagonga kichwa cha boliti pigo moja, ikaachia. Akaokota kile kipande kidogo cha chuma cha nusu mwezi kinachoshikilia magneti kwenye krenki, akanipa nikishike mkononi, maana kikipotea magneti haitakaa kwa saa yake.

Kwenye kibanda ana mashine ya kusukia aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na kitovu cha baiskeli, mkono wa kuzungushia, na kihesabio kilichotoka kwenye mashine nyingine. Aliufumua ule waya wa zamani taratibu akihesabu mizunguko, akaandika. Akatazama umezungushwa kuelekea upande gani, akaandika na hilo. Akapima unene wa waya kwa mikrometa, akatafuta wenye unene uleule. Mizunguko ikipungua, moto unakuwa hafifu hasa wakati wa kupiga kiki. Ukigeuza upande, umeme unafika kwenye CDI kwa nusu isiyo yake. Kila tabaka alilipaka vanishi, na alipomaliza akaianika koili ikauke kabisa kabla ya kuifunga. Sehemu ya waya ule wa zamani ilikuwa imebadilika rangi, kahawia imekuwa nyeusi, na ukiukunja kidogo unakatika wenyewe. Amenipa niende nao nyumbani.

Nimekwenda Sikonge na kurudi nayo mara nyingi katika jua la Oktoba, na ndoo za asali nyuma. Haijazima.

Sasa upande wa betri. Ile betri niliyouziwa mwanzo ilikuwa ya maji, volti 6, yaani seli tatu. Kila seli ya betri ya risasi ikiwa imejaa na kutulia ina karibu volti 2.1, kwa hiyo betri nzima isome karibu 6.3. Hii ilisoma 4.2. Fundi hakuhitaji kufikiri: 6.3 kutoa 4.2 ni seli moja imekufa. Akafungua vizibo, akachomeka kile kipimo cha asidi chenye boya ndani ya bomba la kioo. Seli mbili boya lilinyanyuka, ya tatu halikunyanyuka kabisa. Asidi ya betri iliyojaa husoma karibu 1.26 mpaka 1.28. Kwenye sahani za seli ile ya tatu kulikuwa na ukungu mweupe, ambao ni salfeti. Hutokea betri ikikaa muda mrefu bila chaji, na ukishakomaa hautoki.

Alinieleza kwa nini betri ya karibuni imekufa mapema hivyo, na maelezo yake yanagusa maduka mengi. Betri ya maji inayouzwa ikiwa bado kavu, inapotiwa asidi inapaswa kukaa nusu saa au zaidi ili sahani zinyonye, halafu ichajiwe polepole kwa umeme wa kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 4 ichajiwe kwa ampea 0.4. Lakini muuzaji anamimina asidi, anafunga vizibo, anakukabidhi. Au anakupeleka kwa wachaji wa betri za magari, ambako chaja inasukuma ampea nyingi na betri ndogo inachemka. Baadaye maji yakipungua, mtu anaongezea asidi. Kinachokauka kwenye betri ni maji, asidi haikauki. Ongeza maji ya betri tu, yale yaliyosafishwa, na katika joto letu la Septemba na Oktoba uyaangalie mara kwa mara.

Lakini hakuishia kuilaumu betri. Alisema hata ningenunua mpya ingekufa, mpaka tujue nani anaichaji. Akapima rektifaya. Rektifaya ya Honda hizi za zamani ni kitu kidogo sana, kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, kutoka kwenye koili kwenda kwenye betri. Mita ilionyesha unapita pande zote mbili. Maana yake ukiwa safarini betri inapata umeme unaokwenda na kurudi badala ya chaji, na ukiiegesha usiku betri inajimwaga yenyewe kupitia kwenye koili. Akaweka dayodi mpya ya silikoni, ambayo hufanya kazi hiyohiyo ya rektifaya, akaifunga kwenye kipande cha bati la alumini ipate kupoa. Baada ya hapo, injini ikiwa kwenye mwendo wa wastani, betri ilisoma volti 7.1. Ndicho kiasi kinachofaa kwa betri ya volti 6.

Betri za pikipiki za volti 6 mjini hapa ni adimu, na zilizopo hujui zimekaa rafuni tangu lini. Fundi akaniuliza mizani yangu ya asali inatumia nini. Mizani ya kidijitali! Ndani yake kuna betri ndogo iliyofungwa, volti 6, ampea-saa 4, na hizo zimejaa kila duka la vifaa vya umeme kwa sababu taa za dharura nazo zinazitumia. Haimwagiki, haitaki maji, na kwenye kasha la betri la Honda ilikaa vizuri baada ya kuiwekea sponji pande mbili isitikisike. Inachotaka tu ni chaji isizidi, ndiyo maana alihakikisha ile 7.1 kwanza. Indiketa sasa zinapepesa. Honi inalia honi.

Nilimgusia habari ya kubadilisha pikipiki yote iwe ya volti 12, maana wapo wanaonishauri hivyo kila nikisimama kituo cha mafuta. Alikataa, na alikataa kazi ambayo ingemwingizia hela. Alisema itabidi kusuka koili za chaji, kununua rejuleta ya kudhibiti volti, balbu zote, honi na flasha ya kupepesa indiketa, na mwisho wa yote moto wa plagi hautaongezeka hata kidogo kwa sababu hautoki kwenye betri. Kwa mtu anayesafiri usiku na kutaka taa kali, labda. Kwangu mimi ninayerudi kabla ya magharibi, hapana. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo.

Yapo nisiyoyapenda na lazima niyaseme. Kibanda hakina nafasi ya kulaza pikipiki. Jioni anakuambia uondoke nayo, hata kama imefunguliwa, kwa hiyo wakati koili inakauka ilibidi niikokote hadi kwa jamaa yangu Isevya. Simu hapokei akiwa kazini, na ukiacha Jumapili hana siku asiyokuwa kazini, hivyo usitegemee kupanga naye kwa simu. Hatoi risiti wala dhamana ya maandishi. Ananitazama usoni na kusema "ikizima nirudishie, mzee", na mimi namwamini, lakini mtu wa ofisi anayehitaji karatasi atapata shida. Kijana anayejifunza kwake ana haraka: alirudisha kifuniko cha magneti skrubu moja haikukazwa, na bwana mkubwa ndiye aliyeigundua alipopitisha mkono kabla sijaondoka. Foleni nayo ni ndefu asubuhi, wenye bodaboda wanapewa kipaumbele kwa sababu chombo kikilala nao wanalala njaa. Hilo silipingi, ila mjipange.

Bei. Kupima ni Sh 10,000, unalipa hata kama hakubadilisha kitu. Wapo wanaolalamikia hilo pale kijiweni, wanasema kupima siyo kazi. Mimi nasema hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ile elfu kumi ingenikuta mapema, nisingenunua betri wala CDI. Kusuka koili pamoja na kutoa na kurudisha magneti alinitoza Sh 45,000, dayodi Sh 5,000. Betri niliinunua mwenyewe dukani, alinikataza kupitia kwake ili nisidhani anaongeza cha juu.

Ukienda, nenda injini ikiwa ya baridi, maana anataka vipimo vya baridi kwanza. Usisafishe wala kubadilisha chochote usiku wa kuamkia, atakosa ushahidi. Beba spea zote za zamani ulizoambiwa zimekufa. Uwe na majibu: inazima ghafla au taratibu, ikiwa ya moto au ya baridi, taa inafifia kabla au haififii, mvua ilikuwepo au la. Kama tatizo lako ni kabureta, ringi au klachi, atakuambia palepale siyo yake na kukuelekeza kwingine. Anafungua asubuhi, Ijumaa anafunga mchana kwa ajili ya swala na kurudi alasiri, Jumapili hayupo.

Kwangu bado kuna kazi moja tumeiahirisha: nyaya zinazopita chini ya tanki ngozi yake imeshakuwa ngumu na kupasuka, na mvua za Novemba zikianza maji yatapata pa kuingilia. Amesema nitafute mita nne za waya wa gari wenye rangi zilezile za Honda, kijani ibaki kijani na nyeusi yenye mstari mweupe ibaki hivyo, ili fundi atakayekuja baada yake asipotee. Nyeusi yenye mstari mweupe ndiyo bado naitafuta.